Nilimpulizia Mke Wangu Kama Mkorosho

Mshauri wetu mpendwa, Bi Veridiana, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinifiche kitu hata kama kitaniumiza, maana mimi nimeshafika mahali pa kuumizwa. Ni mkulima wa korosho hapa Mnyambe, Newala, umri wangu miaka hamsini na mbili, na msimu wa maua ukifika mimi ndiye ninayeitwa na wenzangu kupulizia salfa, kwa kuwa nina mashine yangu ya kubeba mgongoni na mkono wangu unajulikana, mkorosho niliopulizia mimi haupati ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho, na hili silisemi kwa kujisifu, nalisema kwa sababu ndilo lililoniponza, kama utakavyoona.

Mke wangu tumeoana miaka ishirini na saba, tumwite Mama Khalidi, majina yote humu nimeyabadilisha, ni mtu wa Chilangala, na zamani alikuwa akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani huku anaimba, watu wanamsikia kabla hawajamwona. Miaka saba iliyopita akaanza kuumwa. Ilianza mabegani, ikashuka mgongoni, ikaingia kwenye nyonga, ikafika magotini mpaka kwenye nyayo, akilala anaamka amechoka kama aliyelima usiku kucha, anasahau kama ametia chumvi au hajatia, tumbo linajaa hata kama amekula tonge mbili, na nikimuuliza panauma wapi anasema kila mahali. Bi Veridiana, Mungu anisamehe, neno hilo "kila mahali" lilikuwa linanikera kuliko kitu chochote, kwa sababu mimi najua mtu anayeumwa jino anasema jino, anayeumwa goti anashika goti, sasa huyu wa kila mahali nimshike wapi?

Tulizunguka hospitali tatu. Malaria hana, damu ipo, sukari haipo, mkojo safi, picha ya mgongo safi, picha ya magoti safi, na kila tukiambiwa "safi" mimi nilikuwa nafurahi na yeye alikuwa analia, jambo ambalo lilinishangaza, nikaanza kujiuliza ni mgonjwa gani huyu anayelia akiambiwa mzima. Ndipo nikajipa udaktari. Nikasema moyoni, huu ni ubwiriunga wa ndani, kuna ukungu umemwingia mwilini na vipimo haviuoni, na mimi ukungu naujua, dawa yake ni kuupulizia kwa mikupuo, huachi mpaka umalize mikupuo yote mitano. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya rangi mbili, zile kapsuli za kuua vijidudu, sikuulizwa cheti wala nini, na kila nilipoanza mkupuo wa salfa shambani mimi nilimwanzishia na yeye mkupuo wake nyumbani, siku tano tano, kila baada ya wiki tatu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, mwaka hadi mwaka, miaka mitano mfululizo. Alikuwa anasema, "Baba Khalidi, hizi dawa zinanivuruga tumbo," na mimi namjibu, "Meza, hata mkorosho hauipendi salfa." Nilikuwa naona nimesema jambo la maana sana.

Hakupona. Alizidi. Na mimi badala ya kuona dawa yangu imeshindwa nikaona yeye ndiye anayeshindana na dawa, nikaanza kumsema nje, pale kwenye ghala la chama cha msingi tunapopimia korosho, nikawaambia rafiki zangu Khalfan na Sadallah kwamba mke wangu hana ugonjwa, ana uvivu uliopata jina. Wakacheka. Nikaona raha kuchekewa.

Sasa ninafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa kumi mwaka jana, wakati wa kuokota korosho, Mama Khalidi aliamka asubuhi akashindwa kunyanyuka, akasema leo hata khanga ikinigusa naumia. Mjukuu wetu Pili, ana miaka miwili, alikuwa anacheza uani karibu na korosho tulizoanika. Khalfan na Sadallah walikuwa wamekaa barazani kwangu, na Sadallah akasema kwa utani, "Hata ukimwita kula hanyanyuki?" Mimi nikasema ngojeni niwaonyeshe. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Nyoka! Nyoka anamfuata mtoto!"

Bi Veridiana, alitoka ndani mbio. Miguu mitupu, kichwa wazi, hata sijui mlango aliufungua saa ngapi. Alimnyakua mtoto akamkumbatia kifuani, akageuka kumtafuta nyoka, na alichokiona ni wanaume watatu wanacheka. Nikawaambia wenzangu, "Mmeona? Huyo ndiye mgonjwa wa kila mahali."

Hakunitukana. Alimweka mtoto chini taratibu sana, akashika ukuta, akarudi ndani kwa kushika ukuta. Siku nne hakuweza kunyanyua kijiko. Siku ya tano mjomba wake, Mzee Hamudi, alikuja na pikipiki ya kukodi kumchukua, na wewe unajua huku kwetu mjomba wa mwanamke akija mwenyewe hilo si jambo dogo. Nilimfuata mpaka barabarani nikamwambia mke wangu, "Rudi, tutakwenda hospitali kubwa, wakikupata na ugonjwa mimi nitakuwa wa kwanza kukuomba radhi." Akaniangalia, akasema, "Baba Khalidi, mimi sirudi kwa mtu anayesubiri kipimo ndipo aniamini." Akapanda. Sasa ni miezi minane yuko Chilangala.

Juzi nilipeleka mashine yangu Masasi kutengenezwa kabla msimu haujaanza, na pale kwa fundi alikuwepo daktari mmoja, Daktari Joel, anasubiri gari lake. Tukazungumza, nikamweleza habari za mke wangu, nilidhani na yeye atacheka. Hakucheka. Akasema ugonjwa huo upo, una jina, unaitwa faibromayalijia, na wanaougua ni wengi duniani kuliko tunavyodhani. Halafu akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo sijapata kulala vizuri. Akasema tumboni mwa kila mtu kuna vijidudu vingi kuliko watu wote wa dunia hii, vinaishi humo, vinakula tunachokula, na vingi vyao ni rafiki. Wataalamu wa nchi za nje walichukua vijidudu kutoka kwa wanawake wenye ugonjwa huo wakawatia panya wazima, na panya wakaanza kuumwa. Panya hawajui uvivu, Bi Veridiana! Panya hana kazi anayoikwepa! Kisha wakawatia panya hao vijidudu vya wanawake wasioumwa, na maumivu yakapungua. Halafu wakajaribu kwa wanawake wagonjwa wenyewe, wakapewa vijidudu kutoka kwenye choo kikubwa cha watu wenye afya, na wengi wao wakasema wamepata nafuu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi, nikashindwa kunyanyuka. Fundi aliniita mara tatu.

Daktari aliitiwa gari lake akaondoka kabla sijamuuliza mengine. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu kapsuli nilizommezesha. Kama humo ndani mlikuwa na viumbe vinavyomlinda, mimi ndiye niliyevipulizia. Je, ni mimi niliyemuua tumbo mke wangu?

Na swali la pili, naomba usinicheke. Mimi tumbo langu halijawahi kuniuma, nakula ming'oko, vile viazi vya porini, nakula kiporo, nakunywa togwa ya siku tatu, na sijui kuharisha. Nimefikiri, kama dawa ni hiyo, basi mimi ninayo, na ni bure. Nimepanga kuichuja vizuri kwa kitambaa safi na kuitia kwenye togwa, ambayo anaipenda na haitaonyesha rangi wala ladha, kwa sababu nikimwambia hatakubali. Wazee wa Chilangala wamenipa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu baada ya swala, tukae, ama arudi ama tuandikiane talaka. Nataka niende na habari hii ya panya, nimwambie sasa nimekuamini, sayansi imesema, akubali kurudi, halafu nianze kumtibu. Je, kwa kuanzia nimpe kikombe kimoja au viwili? Na nikifika kwa wazee nianze na maneno gani? Naomba unijibu mapema, Ijumaa haiko mbali.

Mimi Baba Khalidi, Mnyambe.


BI VERIDIANA ANAJIBU

Marahaba, Baba Khalidi. Barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaiweka mbele, na kabla sijasema lolote: hiyo togwa usiitie kitu. Usichuje, usikoroge, hicho kitambaa safi kirudishe kabatini. Nilipofika hapo nilivua miwani nikaipangusa nikidhani nimesoma vibaya. Kikombe kimoja au viwili! Wewe baba, umeshamdanganya mwanamke huyu mara moja kwa nyoka asiyekuwepo, sasa unataka kumdanganya mara ya pili, na safari hii ndani ya kikombe?

Nikueleze kwa nini nimeshtuka, maana sitaki uache kwa kuniogopa mimi halafu kesho upate wazo jingine. Wale wanawake waliopewa vijidudu vya watu wenye afya, waliowachangia walipimwa kwanza damu na choo kwa magonjwa chungu nzima, dawa yenyewe ikaandaliwa maabara, na wagonjwa wakajua wanapewa nini na wakakubali. Mtu anaweza kuwa na tumbo lisilouma kama lako na bado akabeba humo ugonjwa ambao kwake umelala tu, ukifika kwa mwingine unaamka. Kuna watu huko nje waliougua vibaya, na wengine walikufa, baada ya kupewa choo ambacho hakikupimwa vya kutosha. Wala usimtafute mtu wa kukufanyia kwa siri huko Masasi au mjini. Bado hii ni kazi ya watafiti.

Haya, nimeshakugombeza kidogo. Sasa nikuambie ukweli: ulipoandika kwamba ulishindwa kunyanyuka kwenye lile tairi, nilikuelewa. Mimi nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita kabla ya kushika kalamu hii, na habari hizi nilipozisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga upepo. Miaka yote hiyo tulilitazama tumbo kama chungu tu, unatia, kinapika, kinamwaga. Kumbe ndani yake mna umati. Ndani yako wewe hapo ulipokaa, Baba Khalidi, mna viumbe hai ambao hata ukikusanya maua yote ya mikorosho ya Newala na Tandahimba na Masasi hujafikia hesabu yao. Wanazaliwa, wanagombania chakula, wanakufa, wanatengeneza vitu vinavyoingia kwenye damu yako na kusafiri mpaka mabegani. Na upo mshipa wa fahamu mrefu unaotoka kwenye ubongo ukashuka mpaka matumboni, na habari hupita humo kwenda na kurudi saa zote, bila wewe kuambiwa. Mungu aliumba nchi nzima akaificha chini ya kitovu.

Kuna watafiti waliochunguza vijidudu vya wanawake wenye maumivu haya na vya wanawake wasio nayo, wakakuta baadhi ya aina zimezidi na nyingine zimepungua, tena wale waliozidiwa na maumivu ndio tofauti yao ilionekana zaidi. Fikiria hilo. Mwanamke anasema "kila mahali," sisi tunamtazama goti, tunamtazama mgongo, tunapiga picha, kumbe huenda sehemu ya majibu imekaa mahali ambapo hatukumulika hata siku moja. Mimi nikifikiri hivyo mwili unanisisimka. Hata leo.

Lakini huenda ni huenda. Usiende kulitangaza jambo hili kama umelishika mkononi. Panya ni panya. Wanawake wale waliojaribiwa walikuwa kumi na wanne tu, na hakukuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nalo, kwa hiyo hatujui nafuu yao ilitoka wapi yote. Hata hatujui kama vijidudu vikiharibika ndipo maumivu yanakuja, au maumivu na kukosa usingizi na kubadili chakula ndivyo vinavyoviharibu, au vyote viwili vinavutana. Wenye elimu yao bado wanabishana. Wewe usiwatangulie.

Umeniuliza kama ni wewe uliyemuua tumbo. Sitakupa hukumu hiyo, kwa kuwa siijui na hakuna aijuaye. Mkeo alianza kuumwa kabla hujamnunulia kapsuli ya kwanza, hilo liweke akilini. Lakini kumpa mtu dawa za kuua vijidudu mikupuo mitano kwa mwaka, bila kipimo, bila cheti, kwa sababu ndivyo mkorosho unavyotibiwa, hilo ni kosa na ni lako. Salfa inakwenda juu ya ua ambalo unaliona kwa macho, unajua ukungu uko wapi. Kapsuli ile haina macho. Iliingia ikapiga adui na jirani na mlinzi wa mlango, wote pamoja, na mwenye tumbo akakuambia kwa kinywa chake kwamba inamvuruga, ukamjibu kwa habari za mkorosho. Zilizobaki nyumbani usimpe mtu. Na wewe uliyeshika gazeti unasoma ya mwenzako huku una pakiti ya rangi mbili kwenye mkoba "kwa dharura," nakuona na wewe. Aliyeandikiwa na daktari amalize dozi yake kama alivyoambiwa, ila asiyeandikiwa asijiandikie.

Nami nitakiri la kwangu, kwa kuwa wewe umekiri lako. Wanawake wa namna ya Mama Khalidi walikuja mbele yangu wodini na kwenye foleni za asubuhi, sijui ni wangapi. Niliwaambia "vipimo safi, mama, nenda kapumzike," nikamwita anayefuata. Mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Sasa dada, hiki kinachoniuma ni nini?" Nikamwambia asiwe na mawazo mengi. Wewe ulishangaa kwa nini mkeo alilia akiambiwa ni mzima. Mimi niliwaona wengi wakilia hivyo na sikushangaa hata kidogo, na naona kwangu hilo ni baya zaidi. "Safi" maana yake ilikuwa kwamba mashine zetu hazikuona kitu. Sisi tukaitafsiri kwamba hakuna kitu.

Akikubali, apelekwe kwa daktari aliye tayari kumsikiliza mpaka mwisho. Huyo Daktari Joel anaonekana anafaa, mtafute. Kuna magonjwa mengine yanayofanana na haya, ya viungo, ya tezi ya shingo, ya upungufu wa madini, lazima yatazamwe kwanza. Ikiwa ni faibromayalijia kweli, haina kidonge kimoja cha kuimaliza, lakini nafuu ipo: kutembea kidogo kidogo na kuongeza taratibu, usingizi wenye saa zake, dawa anazochagua daktari, na moyo uliotulia. Chakula chenu cha huko mlimani ni kizuri kwa hao viumbe wa tumboni, mbaazi, kunde, kisamvu, mboga za porini, na togwa yenyewe isiyo na mchango wako. Ale akiweza na tumbo likikubali. Sikuambii kwamba mbaazi zitamponya, nakuambia hazitamdhuru. Na ndoo ya maji kuanzia leo ni kazi yako, una mgongo unaobeba mashine ya salfa mchana kutwa, ndoo haitakushinda.

Sasa Ijumaa. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Mkeo alikuambia hatarudi kwa mtu anayesubiri kipimo ndipo amwamini. Na wewe umepanga kwenda Chilangala na nini? Na kipimo! "Sasa nimekuamini, sayansi imesema." Baba Khalidi, umewaamini panya. Panya wa nchi usiyoijua umewaamini siku ile ile, juu ya tairi, kwa maneno ya mtu uliyekutana naye kwa fundi, na mke wa ndoa ya miaka ishirini na saba alikuambia kwa miaka saba hukumwamini. Ukianza na habari hizo, atakusikiliza kwa adabu, Mzee Hamudi atakuitikia kwa adabu, utanyweshwa chai, na talaka utaandika. Na watafiti wakibadili maneno mwakani, wakasema tulikosea, si vijidudu, je, utaacha kumwamini tena?

Kwa hiyo habari ya vijidudu kaa nayo. Ni nzuri mno, ipo siku mtaizungumza wawili huku mnabangua korosho na yeye ndiye atakayekuuliza. Siyo siku hiyo.

Usingoje Ijumaa. Ukishalisoma gazeti hili, kesho yake nenda. Wachukue Khalfan na Sadallah, wasipotaka waambie ni Bi Veridiana amesema, kwani walikuwa barazani wakicheka na ni haki yake awaone wakiwa hawacheki. Muombe Mzee Hamudi ruhusa ya kuongea na mkeo mbele yake na mbele ya hao wawili. Usipeleke zawadi. Usiseme "kama nilikukosea." Usimwombe arudi, hilo si lako kuomba siku hiyo, na inawezekana kabisa hatarudi. Nataka ulijue kabla hujaondoka nyumbani, ili usimwendee kama mtu anayedai.

Na nikupe la kusema, kwa kuwa umeniomba maneno. Wewe siku ile uliona mwanamke anakimbia, ukasema, anakimbia, basi haumwi. Mimi ni mtu wa wodini, nimeshaona watu wakifanya mambo ambayo miili yao haikuwa na uwezo nayo, na najua yanavyolipwa baadaye. Alikuwa ameshindwa kunyanyuka kwa kweli. Kisha akasikia mtoto anafuatwa na nyoka, akanyanyuka hivyo hivyo, akakimbia na mabega yale na nyonga zile na nyayo zile, kumwendea nyoka. Akalipa siku nne. Hukuwa umemkamata muongo. Ulikuwa umeonyeshwa, wewe na rafiki zako wawili, jinsi mwanamke huyu anavyopenda watu wake, na mkacheka.

Mwambie hivi: "Siku ile ulikuwa unaumwa, na ulikimbia huku unaumwa." Liseme ukiwa umesimama, kabla hujakaribishwa kiti.